Mtego wa Panya Unaojitega Wenyewe: Namna ya Kuusanifu, Kuupima na Kuutengeneza

Februari 2016, wafanyakazi wa makumbusho ya maisha ya vijijini mjini Reading, Uingereza, walikuta panya mdogo amekufa ndani ya mtego uliowekwa pale kwa maonyesho tu. Mtego ule ulikuwa na umri wa miaka 155. Haukuwa na chambo, wala hakuna mtu aliyeutega. Ulitoka katika karakana ya Colin Pullinger, fundi wa Selsey, Sussex, na hataza yake ilitolewa mwaka 1861. Ndani yake kuna kibao kinachobembea kama mizani: panya anapita, upande mmoja unashuka, naye anabaki ndani huku kibao kikimsubiri mwenzake.

Miaka 155 ilikuwa imepita na kibao kile bado kilibembea. Mimi kila ninapotengeneza mtego hukikumbuka, kwa sababu ufundi wote upo hapo. Kumwangusha panya ni kazi nyepesi. Hata shimo lililofunikwa kwa nyasi humwangusha. Kazi ngumu ni kibao kurudi mahali pake chenyewe, usiku, hakuna mtu, mara ya kumi sawasawa na mara ya kwanza.

Mtego wangu wa kwanza wa ndoo niliutengenezea stoo ya mahindi hapa Morogoro. Ulikamata panya mmoja kila usiku, basi. Kila asubuhi nilikuta kibao kimening'inia wima ndani ya ndoo, na wenzake panya wamekula mahindi mpaka wakashiba. Ilinichukua wiki mbili kuelewa kwamba kilichokosewa ni mahali pa uzito, na kosa lenyewe lilikuwa la sentimita tatu tu. Nitalieleza kwa kirefu, maana wengi wanaotengeneza mitego hii hukwama palepale.

Kwa nini usitumie mtego wa kawaida wa kufyatuka? Utumie, kama una panya wawili. Lakini panya shamba, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, hubeba mimba siku 23 hivi na kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Baada ya mvua nzuri za vuli idadi yake hupanda kwa kasi ya kutisha. Mtego unaokamata mmoja kisha ukalala mpaka asubuhi hauwezi kushindana naye.

Mjue unayemtega

Usianze na msumeno. Anza na tochi na rula, ukague kinyesi. Kinyesi cha panya mdogo wa nyumbani kina urefu wa milimita 3 hadi 6, kama punje ya mchele. Cha panya wa darini, yule mwenye mkia mrefu kuliko mwili, hufika kama milimita 12. Cha panya mkubwa wa mitaroni, anayeonekana zaidi kwenye miji ya bandari, hufika karibu milimita 20.

Tofauti hii ndiyo itakayoamua vipimo vyote vya mtego. Panya mdogo wa nyumbani ana gramu 12 hadi 30. Panya shamba mara nyingi ana kati ya gramu 30 na 80. Wa darini akikomaa ana 100 hadi 250, na wa mitaroni huweza kuzidi 400. Mtego uliopimwa kwa gramu 15 na uliopimwa kwa gramu 150 ni mitego miwili tofauti, na atakayekuambia mmoja unatosha panya wote hajawahi kupima.

Tabia pia zinatofautiana. Panya mdogo ana udadisi: ukiweka kitu kipya leo, usiku huohuo atakuja kukichungulia. Panya wakubwa huogopa kitu kipya na huweza kukizunguka siku kadhaa bila kukigusa. Wote wanapenda kutembea ubavu umegusa ukuta, na njia wanayoizoea huacha alama nyeusi ya mafuta ya manyoya yao. Mahali pa mtego ni kwenye alama hiyo.

Panya buku, wa jamii ileile inayofunzwa na shirika la APOPO hapa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu, hatumtegi kwa mtego huu. Ni mkubwa mno kwa vipimo vyangu.

Aina zilizopo, na niliyoichagua

Wengi wanalijua kopo linalozunguka: ndoo, waya umepita katikati ya kopo la maziwa, kopo limepakwa siagi ya karanga, na ubao wa kupandia. Panya anarukia kopo, kopo linazunguka, anaangukia ndani. Uzuri wake ni kwamba kopo halina haja ya kurudi, maana upande wowote uliopo juu ni sawa na mwingine. Kama unahitaji mtego leo jioni, tengeneza huo. Ubaya wake ni kwamba panya lazima akubali kurukia kitu kinachotikisika, na wale wakubwa waoga mara nyingi hawakubali. Isitoshe, chambo kinaliwa na kubanduka kila anapopita mmoja.

Ipo pia mitego ya gesi. Goodnature A24 ya New Zealand hutumia kichupa kidogo cha gesi ya kaboni dioksidi kusukuma pistoni inayompiga panya kichwani, kisha hujitega tena, mpaka mapigo 24 kwa kichupa kimoja. Ni kazi ya kiwandani yenye gesi ya shinikizo kubwa. Sishauri mtu aiige nyumbani.

Niliyoichagua mimi ni kibao cha kubinuka juu ya ndoo: panya anaingia kwenye kibanda kifupi, anakanyaga sakafu iliyo imara kabisa, anavuka mstari wa ekseli, yaani chuma ambacho sakafu inabembea juu yake, ndipo sakafu inashuka. Kwa panya mwoga, zile hatua za mwanzo zisizotikisika ndizo zinazomshawishi.

Hesabu ya mizani

Chukua kibao cha sentimita 24 kwa 10. Ekseli usiiweke katikati. Iweke sentimita 9 kutoka upande wa kuingilia, ili upande wa kudondokea ubaki na sentimita 15. Chini ya ukingo wa kuingilia kuna kizuizi, yaani waya unaouzuia upande huo usishuke. Panya akiwa bado upande wa kuingilia, uzito wake unakibana kibao kwenye kizuizi, na hakuna kinachotikisika.

Nguvu ya kubinua ni uzito mara umbali kutoka kwenye ekseli. Tuhesabu.

Kibao cha plastiki ya dumu yenye unene wa milimita 2 kina gramu 46 hivi. Kitovu cha uzito wake kiko sentimita 12 kutoka kila ukingo, yaani sentimita 3 kupita ekseli, upande wa kudondokea. Hivyo chenyewe, bila panya, kinataka kuanguka kwa nguvu ya 46 × 3 = 138.

Tunataka kirudi, na kirudi kwa uhakika. Naongeza 60 juu ya hizo 138, jumla 198. Uzito wa kurudishia ukikaa upande wa kuingilia, sentimita 7 kutoka kwenye ekseli, unatakiwa uwe 198 ÷ 7, yaani gramu 28.

Sasa panya mdogo wa gramu 15 akija, kibao kitabinuka pale atakapofika 60 ÷ 15 = sentimita 4 kupita ekseli. Miguu ya nyuma itakuwa karibu na mstari wa ekseli, na mwili wote upo upande wa hatari. Panya shamba wa gramu 40 atabinuliwa akiwa na sentimita moja na nusu tu kupita mstari. Anadondoka vizuri, ingawa miguu yake ya nyuma iko karibu zaidi na usalama.

Ile 60 naiita ziada, na ndiyo namba ya kuchezea. Ziada ikiwa ndogo, kibao kinakuwa chepesi mno: panya mzito anahisi kinatikisika mapema, anarudi nyuma, na hatakuja tena. Ziada ikiwa kubwa, panya mwepesi anatembea mpaka mwisho, anakula chambo, anaondoka. Kuna hatari nyingine pia. Ukigawanya 60 kwa 15, ambao ni urefu wa mkono wa kudondokea, unapata gramu 4. Maana yake gramu 4 za uchafu kwenye ncha ya kibao, kama kinyesi, matone ya maji au bonge la siagi ya karanga, zinatosha kukizuia kisirudi. Ndiyo maana nasisitiza usafi wa kila asubuhi.

Uzito uwe chini ya kibao

Hapa ndipo zilipo zile sentimita tatu.

Ukigundisha uzito juu ya kibao, mtego unaonekana sawa ukiujaribu kwa kidole. Kibao kikiwa kimelala, uzito uko sentimita 7 nyuma ya ekseli na unavuta vizuri. Lakini kibao kinapobinuka, upande wa kuingilia unapanda na ule uzito unasogea kuelekea juu ya ekseli. Kadiri kinavyosimama, ndivyo umbali unavyopungua na nguvu ya kurudisha inavyokwisha. Kikifika wima, uzito unaweza kuwa umevuka upande wa pili, na sasa badala ya kukirudisha unakishikilia kilipo. Hiyo ndiyo picha niliyokuwa naiona kila asubuhi.

Uning'inize uzito huohuo sentimita 3 chini ya kibao, na hali inageuka kabisa. Kibao kinapoanza kubinuka, uzito unasogea nyuma, mbali na ekseli. Hata kikisimama wima, bado uko sentimita 3 upande wa kurudisha. Sikuongeza hata gramu moja. Niliuhamisha tu kutoka juu kwenda chini.

Basi bolti ipite kwenye tundu la kibao, kichwa kikae juu kikiwa kimelala bapa, nati zikusanyike chini kabisa. Bolti nyembamba yenye nati kadhaa mwishoni ni bora kuliko bolti nene fupi, kwa sababu unataka uzito ukae chini.

Kutengeneza, hatua kwa hatua

Vifaa: ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko wake, dumu kuukuu, spoku mbili za baiskeli zilizonyooka, ganda la peni, bolti nyembamba na nati, vipande vya plaiwudi au plastiki ngumu vya kujengea kibanda, waya wa kufungia, ndala iliyokatika, msasa, kisu kikali na msumari wa kupasha moto.

Kata kibao kwenye ubavu wa dumu ulio bapa, sentimita 24 kwa 10. Watu hupenda mbao, ila ubao hunywa mkojo na unyevu, unavimba na kuongezeka uzito, na hesabu yote inaharibika ndani ya wiki. Plastiki hainywi. Ikiwa imejikunja, iloweke kwenye maji ya moto kisha ilaze chini ya mawe mpaka ipoe.

Kwaruza kwa msasa upande wa kuingilia pekee, sentimita 9 zile, ili miguu ishike. Upande wa kudondokea uache uteleze. Usiukwaruze hata kidogo.

Kata tundu kwenye mfuniko, sentimita 25 kwa 11, ili kibao kiwe na nusu sentimita ya nafasi pande zote. Pima kwanza mdomo wa ndoo yako, maana ndoo za madukani hazilingani. Kama ni mwembamba, fupisha kibao na urudie hesabu kwa namba zako.

Ekseli ni spoku moja. Kata ganda la peni lenye urefu wa upana wa kibao, lifunge chini ya kibao kwenye mstari wa sentimita 9 kwa waya mwembamba uliopitishwa kwenye matundu manne, kisha pitisha spoku ndani yake. Spoku ina unene wa milimita 2 hivi na inacheza ndani ya ganda bila kusuguana sana. Ncha zake zilaze juu ya mfuniko, kila upande, uzibane kwa waya. Tone moja la mafuta ya cherehani linatosha. Grisi usiitumie, inashika vumbi la pumba na kuganda.

Spoku ya pili ndiyo kizuizi. Ipite chini ya ukingo wa kuingilia, ikaze, na uhakikishe kibao kinalala usawa wa mfuniko. Bandika ukanda wa ndala juu yake. Kelele ya plastiki kugonga chuma usiku wa manane inasikika stoo nzima, na panya aliyekuwa njiani anasimama palepale.

Funga bolti sentimita 7 kutoka kwenye ekseli, upande wa kuingilia, nati zikiwa sentimita 3 chini. Angalia kwamba inapopanda haigusi spoku ya kizuizi.

Kibanda kina kuta mbili za pembeni, ukuta wa mwisho na paa. Kuta zisimame kwenye ukingo wenyewe wa tundu la mfuniko. Hili usilifanyie haraka. Ukiacha hata sentimita mbili za mfuniko pembeni au mbele ya kibao, panya atazikanyaga, atakula chambo akiwa amesimama hapo, na kibao hakitashuka kamwe. Asiwe na pa kukanyaga isipokuwa kibao.

Urefu wa paa kutoka kwenye kibao uwe sentimita 8 na nusu. Namba hii ina sababu: upande wa kuingilia wenye sentimita 9 unapopanda, ukingo wake utagonga paa kibao kikiwa kimeinama nyuzi 70 hivi. Kwa hiyo paa linakuwa kizuizi cha pili, kibao hakifiki wima, na kurudi kunakuwa rahisi zaidi. Bandika kipande cha ndala hapo pia. Wakati uleule upande uliopanda unakuwa mlango uliofungwa nyuma ya panya: hata akigeuka, anakutana na ukuta.

Ndoo ikiwa juu ya sakafu, weka ubao wa kupandia wenye urefu wa sentimita 80 hivi, uso wake ukiwa mkavu na wa kukwaruza.

Kujaribu kwa mfuko wa maji

Huhitaji mizani ya dukani. Mililita moja ya maji ina gramu moja. Chukua sirinji ya duka la dawa, jaza mililita 15 kwenye kifuko chepesi cha plastiki, funga. Huyo ndiye panya wako wa majaribio.

Mburute polepole kwa uzi kutoka mlangoni. Upande wa kuingilia kibao kisitikisike hata kidogo. Akivuka ekseli kwa sentimita 4 hivi kibao kishuke kwa mara moja, bila kusita. Kifuko kikidondoka, kibao kirudi chenyewe na kulala kwenye kizuizi. Rudia mara 20. Mara 19 haitoshi: ile moja iliyobaki itatokea saa tano usiku, na mtego utalala wazi mpaka kuche.

Kikishuka mapema, ongeza nati. Kikichelewa, punguza. Badilisha nati moja tu kila mara, ujaribu upya kabla ya kugusa kingine.

Panya wakubwa wanataka pipa

Ndoo ya lita 20 ina kina cha chini ya sentimita 40, na panya mkubwa huruka zaidi ya hapo. Kwao natumia pipa la lita 200, lenye kina cha karibu sentimita 88 na mdomo wa zaidi ya nusu mita. Lioshwe mpaka harufu ya mafuta iishe.

Kibao kinakuwa sentimita 45 kwa 15, plastiki nene ya milimita 3, ekseli sentimita 18 kutoka mlangoni na sentimita 27 za kudondokea. Kibao hicho kina gramu 192 hivi na kitovu chake kiko sentimita 4 na nusu kupita ekseli, hivyo 864. Panya wa gramu 150 nataka abinuliwe akiwa sentimita 10 kupita mstari, kwa kuwa ni mrefu na ana nguvu za kujirusha nyuma. Ziada inakuwa 1,500. Jumla 2,364, na uzito wa kurudishia ukiwa sentimita 15 kutoka ekseli unafika gramu 158. Paa liwe juu kwa sentimita 17. Ekseli ya spoku haitamudu. Tafuta chuma cha milimita 6.

Gawanya 1,500 kwa 27 uone kilichotokea: aliye chini ya gramu 56 atafika mwisho wa kibao salama. Panya wadogo, panya shamba wengi na watoto wa panya wa darini watakula bure. Hakuna namna ya kuikwepa hesabu hii. Weka pipa na ndoo ubavu kwa ubavu.

Chambo kisicholiwa

Katika mtego wa kufyatuka chambo kikiliwa hakuna tatizo, kazi imekwisha. Katika mtego unaojitega, chambo lazima kibaki kwa ajili ya wa pili na wa tano. Kipake kwenye ukuta wa mwisho, ndani, sentimita 4 juu ya kibao, ili panya akinuse na kukinyooshea shingo bila kukifikia kabla hajadondoka. Mimi huponda karanga za kukaanga, nachanganya na unga wa mahindi kidogo ili zishikane, na juu yake nabana kichwa cha dagaa kwa waya. Pwani kipande cha nazi kilichochomwa kinafanya kazi vizuri sana. Kwenye ghala lililojaa mahindi usitege kwa mahindi, wanayo tayari.

Kiasi kiwe kidogo. Bonge kubwa likilainika kwa joto linadondoka juu ya kibao, na unakumbuka zile gramu 4.

Kuweka mtego, na kuacha kuufungua

Mlango wa kibanda uelekee ukuta, kwenye njia ile yenye alama nyeusi. Panya mdogo hatembei mbali, mara nyingi ni mita chache tu kutoka kwenye kiota chake, hivyo mtego ulio upande wa pili wa stoo hautamhusu. Kwa panya wa darini, mtego uliowekwa sakafuni ni nusu ya kazi. Weka ubao wa kupandia utakaokutana na njia yake kwenye boriti au rafu.

Kwa panya wakubwa, usiku tatu au nne za kwanza kizuie kibao kwa kipande cha waya kisibinuke, na uweke punje chache za karanga juu yake. Waache waje, wale, waende, wazoee. Usiku wa tano toa waya. Najua inauma kulisha mwizi. Lakini panya mkubwa aliyeponea chupuchupu kwenye mtego usiokuwa tayari hawezi kudanganywa tena kirahisi.

Maji ndani ya ndoo, au la

Watu wengi hujaza maji ili panya wafe. Siweki, na sitaki wewe uweke. Panya anajua kuogelea, na anahangaika kwa muda mrefu kabla ya kuzama. Mnyama huyu anakula mahindi yetu, ndiyo, lakini kumtesa hakuongezi debe la mahindi.

Sababu ya pili: mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Wahenga waliliona hilo kabla yetu, na ndoo yangu imelishuhudia. Mara kadhaa nimekuta kirukanjia, yule mwenye pua ndefu anayekula wadudu, na mara moja mjusi. Kwenye ndoo kavu unamwinamishia ndoo nje anakwenda zake. Kwenye maji ungeokota mzoga.

Tia majani makavu mkono mmoja na punje kidogo ili waliokamatwa wasishambuliane, na kagua alfajiri bila kukosa. Wengi wakikaa mchana kutwa kwenye ndoo moja wataumizana, na ikiwa juani watakufa kwa joto. Kuua iwe kwa pigo moja thabiti: wamimine kwenye gunia zito, umsogeze mmoja pembeni, kitu kizito, basi. Kuwapeleka kwenye shamba la jirani ni kumhamishia tatizo.

Vaa glovu au mifuko ya plastiki mikononi. Mkojo wa panya hubeba vimelea vya leptospirosisi, ambavyo huingia kupitia mchubuko mdogo tu. Kinyesi kikavu usikifagie. Kilowanishe kwanza kwa klorini ya kufulia, sehemu moja kwa tisa za maji, kiache dakika kumi, ndipo ukifute. Fukia mizoga kwa kina ambacho mbwa hatakifukua.

Wilaya kama Lushoto, ambako tauni ilizuka mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara miaka iliyofuata, zinahitaji tahadhari zaidi. Viroboto huuacha mwili wa panya unapopoa na kutafuta mwenyeji mwingine. Ukikuta panya wanakufa wenyewe nyumbani au shambani, usiwaguse, na usitege. Nenda kituo cha afya utoe taarifa siku hiyohiyo.

Mtego ukigoma

Kibao kimebaki wazi: futa ncha, kagua bolti isiwe imelegea na nati kupanda juu, tia tone la mafuta. Chambo kimelambwa na ndoo ni tupu: ama ziada ni kubwa kwa panya ulionao, ama kuna mahali pembeni panapokanyagika. Mwagia unga mwembamba juu ya mfuniko usiku mmoja, asubuhi nyayo zitakuonyesha ni lipi kati ya hayo mawili. Nyayo zinaishia kwenye mstari wa ekseli na kugeuka: kibao kinatikisika mapema, ongeza nati. Hakuna nyayo kabisa: hamisha mtego, kosa liko kwenye mahali.

Andika idadi kila asubuhi ukutani kwa mkaa. Siku za mwanzo itapanda, kisha itaanza kushuka. Wakati inashuka ndipo uzibe matundu: panya mdogo hupenya kwenye nafasi ya milimita 6, unene wa peni, kwa hiyo tundu lolote linaloingiza peni lizibwe kwa saruji au wavu wa chuma, na nguzo za kihenge zivishwe koni za bati karibu mita moja kutoka ardhini. Ukipata sifuri kwa usiku saba mfululizo, rudisha ule waya wa kukizuia kibao, acha karanga chache juu yake, na utazame kila asubuhi kama zimepungua. Siku zitakapopungua, toa waya jioni hiyohiyo.